Je, Wajua? Kutoka Mashamba ya Chepkoilel Hadi Mpakani El Paso

Chuo Kikuu cha Eldoret kiko kilomita tisa hivi kutoka mjini, kwenye barabara ya kwenda Ziwa. Wenyeji wengi bado hupaita Chepkoilel, ingawa jina hilo liliondoka rasmi mwaka 2013 chuo kilipopewa hati yake. Je, wajua kwamba mahali hapo palianza kama shule ya walowezi? Mwaka 1946 palifunguliwa kituo cha kuwafunza Wazungu kilimo cha mashamba makubwa. Mwaka 1984 kikageuzwa kuwa chuo cha ualimu, mwaka 1990 Chuo Kikuu cha Moi kikakichukua kuwa kampasi yake, na mwaka 2010 kikapandishwa hadhi kuwa chuo kikuu kishiriki. Palijengwa ili mwenye shamba apate magunia mengi zaidi. Leo wanaosoma pale ni pamoja na wajukuu wa waliokuwa wakiyabeba magunia hayo.

Nimeanzia hapo kwa sababu fasihi ninayotaka kuisimulia imetoka mashambani vilevile. Ni fasihi ya Wachicano, yaani Wamarekani wenye asili ya Mexico, pamoja na Walatino kwa jumla, ambao chimbuko lao ni Amerika ya Kilatini. Waandishi Weusi wa Marekani tumewazoea. Langston Hughes na Maya Angelou si wageni madarasani mwetu. Hawa wengine hatujawakaribisha, na ni hasara kwetu, kwani mambo wanayoyaandika yako karibu mno na yaliyopita hapa Uasin Gishu.

Chukua suala la mpaka. Mwaka 1848, baada ya vita, Mexico ilitia saini mkataba wa Guadalupe Hidalgo na kuipa Marekani karibu nusu ya nchi yake. California yote ilikwenda, na pia maeneo ambayo leo ni Arizona na New Mexico. Wamexico waliokuwa wakiishi huko walilala katika nchi moja wakaamkia nyingine. Wachicano husema mpaka ndio uliowavuka wao. Je, wajua kwamba jambo kama hilo lilitokea hapa? Hadi mwaka 1902 eneo hili la Uasin Gishu, pamoja na Nandi na nchi yote kutoka Naivasha hadi Kisumu, lilihesabiwa kuwa Uganda. Lilikuwa sehemu ya Jimbo la Mashariki la Uganda, na Waingereza wakalihamishia Himaya ya Afrika Mashariki kwa kalamu. Miaka sita baadaye, 1908, msafara wa Makaburu zaidi ya 200 ulipanda na magari ya ng'ombe kutoka Nakuru ukiongozwa na Jansen van Rensburg, na ardhi ikagawanywa kwa nambari. Mji wa Eldoret wenyewe uliota kwenye shamba nambari 64, ndiyo maana wazee waliuita Sisibo.

Baada ya ardhi kuchukuliwa, watu wakahitajika wa kuilima. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka skwota amfanyie mwenye shamba kazi siku 180 kwa mwaka ili aruhusiwe kukaa na kulisha mifugo yake. Kipande nacho kilivaliwa shingoni katika kikopo cha chuma, kikiwa na alama za vidole na rekodi ya kazi. Huko Marekani ulikuwepo mpango uliojulikana kama Bracero, kuanzia 1942 hadi 1964, ulioleta vibarua kutoka Mexico kwa mikataba ya muda. Mikataba iliyotiwa saini ilizidi milioni nne. Mtu alivuna, akalipwa, akarudishwa kwao.

Katika mazingira hayo alizaliwa Tomás Rivera, mwaka 1935, katika mji wa Crystal City, Texas. Familia yake ilifuata mavuno kaskazini kila mwaka. Mwaka 1971 alichapisha kitabu kimoja kwa Kihispania, *...y no se lo tragó la tierra*, simulizi fupifupi zinazounganishwa na mtoto mmoja wa vibarua. Kitabu hicho kilikuwa kimeshinda tuzo ya Quinto Sol, iliyoanzishwa na Wachicano wenyewe kwa kuwa wachapishaji wakubwa hawakuwa wakiwatazama. Na je, wajua mtoto huyo wa mashambani alifika wapi? Mwaka 1979 aliteuliwa kukiongoza Chuo Kikuu cha California, tawi la Riverside. Alifariki mwaka 1984, bado akiwa kazini, na maktaba ya chuo hicho ina jina lake. Kila nikipita kwenye majengo ya Chepkoilel humkumbuka Rivera, kwa sababu hakuikana asili yake ili apewe ofisi. Aliingia nayo.

Hakuwa peke yake. Juan Felipe Herrera, aliyezaliwa 1948 huko Fowler, California, alilelewa katika mahema na matrela kwa sababu wazazi wake walikuwa wachumaji wa matunda na mboga waliohamahama. Mwaka 2015 akawa Mlatino wa kwanza kuteuliwa mshairi wa taifa la Marekani. Na kabla yao Rodolfo Gonzales, ambaye wote walimwita Corky, alikuwa bondia wa kulipwa huko Denver kabla ya kuandika mwaka 1967 shairi refu *I Am Joaquín*, lililosomwa kwa sauti kwenye mikutano na maandamano ya Wachicano hadi likawa kama wimbo wao. Katika kaunti inayowaheshimu wanamichezo kama yetu, bondia aliyeshika kalamu anastahili kujulikana.

Sasa nije kwenye jambo linalonigusa kuliko mengine yote. Tarehe 8 Septemba 1965 wachumaji zabibu Wafilipino wa Delano, California, waligoma. Wiki moja baadaye wenzao wa asili ya Mexico, wakiongozwa na Cesar Chavez, wakajiunga nao. Kijana mmoja mzaliwa wa mji huohuo wa Delano, Luis Valdez, mwana wa vibarua, akaenda kwa Chavez na kumwambia anataka kuanzisha kundi la maigizo. Hapakuwa na fedha, ukumbi wala waigizaji. Kwa hiyo waigizaji wakawa wagomaji wenyewe, na jukwaa likawa sehemu ya nyuma ya lori lililoegeshwa kando ya shamba. Ili mtazamaji amtambue kila mhusika, walijitundika vibao shingoni: huyu mgomaji, huyu msaliti wa mgomo, huyu bwana shamba. Kibarua aliyekuwa akitukanwa na msimamizi mchana, jioni alimwigiza msimamizi huyo mbele ya wenzake, wakacheka hadi woga ukawatoka. Kundi hilo likaitwa El Teatro Campesino, tamthilia ya wakulima.

Miaka 12 baadaye, kijijini Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wakazi walijenga ukumbi wa wazi kwa mikono yao. Wengi wao walikuwa vibarua wa mashamba ya chai na wafanyakazi wa viwandani. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika *Ngaahika Ndeenda* kwa Kikuyu, na wanakijiji wakaichambua, wakairekebisha, wakaongeza nyimbo zao. Iliigizwa kuanzia Oktoba 1977. Mwezi uliofuata serikali ikaifutia leseni, na tarehe 31 Desemba Ngũgĩ akakamatwa. Alikaa kizuizini Kamiti hadi Desemba 1978, na humo aliandika riwaya nzima kwa Kikuyu kwenye karatasi za chooni. Mwaka 1982 ukumbi wa Kamĩrĩĩthũ ulibomolewa.

Sina ushahidi kwamba kundi moja liliiga lingine, na sidhani ilihitajika. Mtu aliyefanya kazi ardhini mwa mwingine, akinyimwa hata lugha ya kulalamikia, huona faida ya jukwaa bila kufundishwa. Tofauti iko kwenye mwisho. Valdez aliendelea; tamthilia yake *Zoot Suit* ilifika Broadway mwaka 1979, ya kwanza ya Mchicano kufika huko, na mwaka 1987 akaongoza filamu *La Bamba*. Kamĩrĩĩthũ iliachwa vifusi na waanzilishi wake wakaenda uhamishoni. Hasara ya tendo hilo kwa fasihi ya vibarua nchini Kenya ni kubwa kuliko tunavyokubali kusema.

Je, wajua mkasa wa Ngũgĩ uliishia wapi? Kuanzia mwaka 2002 alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha California, tawi la Irvine, akiongoza kituo cha uandishi na tafsiri. Chuo hichohicho ndicho kilichoanzisha Tuzo ya Fasihi ya Kichicano na Kilatino mwaka wa masomo wa 1974–75. Mwandishi aliyefukuzwa kwao kwa sababu ya Kikuyu alifundisha mahali ambapo watoto wa wahamiaji walikuwa wakituzwa kwa hadithi na mashairi. Alifariki Marekani mwezi Mei 2025.

Nikae kidogo kwenye lugha. Gloria Anzaldúa alizaliwa 1942 katika bonde la mto Rio Grande, Texas, familia yake ikifanya kazi za mashambani. Katika kitabu chake cha mwaka 1987, *Borderlands/La Frontera*, anaeleza alivyoadhibiwa shuleni kwa kuzungumza Kihispania wakati wa mapumziko. Msomaji aliyesoma shule ya msingi hapa Bonde la Ufa hahitaji kuelezwa zaidi. Tulikuwa na kile kibao kilichopita kutoka shingo hadi shingo, na aliyekutwa nacho jioni alilipa kwa matako yake kwa kosa la kusema Kinandi, Kikeiyo au Kibukusu. Anzaldúa alijibu kwa kuandika kitabu kinachoruka kutoka Kiingereza hadi Kihispania, nathari hadi ushairi, bila kumwomba radhi msomaji asiyeelewa. Junot Díaz, mzaliwa wa Jamhuri ya Dominika aliyeshinda Tuzo ya Pulitzer mwaka 2008, naye huacha Kihispania chake kikae ndani ya Kiingereza bila kukipinda herufi. Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar, mshindi wa Nobeli mwaka 2021, anafanya vivyo hivyo kwa Kiswahili.

Wengine walichagua kuandika mara mbili. Rolando Hinojosa wa Texas alitunga kwa Kihispania, akapata tuzo ya Casa de las Américas ya Kuba mwaka 1976, kisha akawa anaviandika upya vitabu vyake kwa Kiingereza mwenyewe. Ngũgĩ alifanya kazi ileile na *Mũrogi wa Kagogo*. Kazi hiyo ni nzito sana. Inamtaka mwandishi mmoja awe na wasomaji wawili na asimdanganye yeyote kati yao.

Hapa nitapenyeza jambo la mashamba, maana Chepkoilel bado ni mahali pa kilimo. Je, wajua kwamba mahindi yanayojaza maghala yetu yalitoka kwa mababu wa hawa washairi? Wareno ndio wanaodhaniwa kuyaleta pwani ya Afrika Mashariki kutoka Amerika. Na mbegu chotara H611, iliyotolewa na watafiti wa Kitale mwaka 1964, ilipatikana kwa kuchanganya mahindi ya Kitale na aina iliyoitwa Ecuador 573, kutoka Amerika ya Kusini. Ngano ilisafiri upande wa pili: mbegu zilizotoka Kenya zilipandwa Mexico miaka ya 1940 kwa sababu zilistahimili ugonjwa wa kutu, na baadhi ya aina zilizotolewa huko ziliitwa Kenya Rojo na Kenya Blanco. Ugali wetu una nusu ya asili yake kwao, na mkate wao ulipitia kwetu.

Gereza ni ukurasa mwingine tunaoshiriki. Jimmy Santiago Baca alijifunza kusoma na kuandika akiwa mfungwa huko Arizona miaka ya 1970, na mwaka 1979 mashairi yake yakachapishwa. Ricardo Sánchez wa El Paso alitoka gerezani akaandika *Canto y grito mi liberación*, 1971. Kwetu ni Abdilatif Abdalla, aliyefungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa kijitabu cha kuikosoa serikali, na mashairi aliyoyaandika humo yakachapishwa 1973 kama *Sauti ya Dhiki*. Mwaka uliofuata diwani hiyo ikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la rais aliyekuwa madarakani mshairi alipofungwa.

Vitabu pia hufungwa. Mwaka 2010 jimbo la Arizona lilipitisha sheria iliyolenga masomo ya Wamarekani wa asili ya Mexico katika shule za Tucson. Januari 2012 vitabu vya somo hilo vilitolewa madarasani na kutiwa katika masanduku. Miezi miwili baadaye mwandishi Tony Diaz wa Houston alikodi basi, akajaza vitabu hivyohivyo na waandishi wenzake, akaenda navyo Tucson akiwagawia watu njiani. Walijiita wafanyamagendo wa vitabu, na wakaanzisha maktaba ndogo kila walikopita. Agosti 2017 jaji wa shirikisho aliamua kwamba hatua ya kulifuta somo hilo ilitokana na ubaguzi na ilivunja katiba. Sisi tunaojua magendo ya mahindi na sukari kwenye mpaka wa Busia na Malaba tunaweza kuwaza jinsi ilivyo kuvusha riwaya kwa njia hiyo.

Kuna uhusiano mwingine ambao unamhusu Mkenya mmoja mmoja. Lupita Nyong'o alizaliwa jijini Mexico mwaka 1983, baba yake Anyang' Nyong'o alipokuwa akifundisha huko. Alipokuwa na miaka 16 wazazi walimrudisha Mexico kujifunza Kihispania. Wengi humjua kwa Oscar. Yeye pia ni mwandishi wa kitabu cha watoto, *Sulwe*, kilichotoka mwaka 2019. Na mwaka 2013, Barack Obama alipoapishwa kwa muhula wa pili, mshairi aliyesoma jukwaani alikuwa Richard Blanco, mwana wa Wakuba waliohamia Marekani. Alikuwa Mlatino wa kwanza kupewa heshima hiyo, na aliyempa ni mtoto wa mwanamume wa Kogelo.

Ken Walibora pia anaingia humu. Mzaliwa wa Bungoma, alitoa *Siku Njema* mwaka 1996, riwaya ambayo mhusika wake, Kongowea Mswahili, anasafiri kutoka Tanga hadi Kitale kumtafuta baba. Baadaye Walibora alisoma hadi uzamifu katika Chuo Kikuu cha Ohio State, akafundisha Wisconsin, lakini riwaya aliendelea kuziandika kwa Kiswahili. Angeweza kuhamia Kiingereza bila mtu kumlaumu. Aliporudi Kenya alirudi na lugha yake ikiwa imekomaa, na tulimpoteza mapema mno, Aprili 2020.

Na sasa El Paso. Mji huo wa Texas umetenganishwa na Ciudad Juárez ya Mexico na mto mmoja tu. Ni mji wa waandishi: John Rechy alizaliwa humo, Arturo Islas pia, na Pat Mora, mshairi aliyeanzisha mwaka 1996 siku ya watoto na vitabu inayoadhimishwa kila tarehe 30 Aprili. Benjamin Alire Sáenz, aliyesoma na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, alishinda mwaka 2013 tuzo ya PEN/Faulkner kwa hadithi fupi zinazozunguka baa moja ya upande wa Juárez. Alikuwa Mlatino wa kwanza kuishinda. Chuo chenyewe kina shahada ya uzamili ya uandishi wa kubuni inayofundishwa kwa Kihispania na Kiingereza kwa pamoja, wanafunzi wakisomeana kazi katika lugha zote mbili.

Je, wajua ni nani wengine waliosoma katika chuo hicho? Wanariadha wetu. Kati ya 1975 na 1981 chuo cha El Paso kilitwaa ubingwa wa mbio za nyika wa vyuo vya Marekani mara sita, kikitegemea Wakenya kama Wilson Waigwa, James Munyala na Michael Musyoki, pamoja na Watanzania Suleiman Nyambui na Gidamis Shahanga. Baadaye timu hiyo ilifundishwa na Paul Ereng, bingwa wa Olimpiki wa mita 800 huko Seoul mwaka 1988. Mmoja wa vijana wake alikuwa Emmanuel Korir, aliyeshinda mita 800 za vyuo ndani na nje ya ukumbi mwaka 2017, kisha dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021.

Maana yake ni kwamba kwa karibu miaka 50 vijana wa Afrika Mashariki wamekuwa wakiamka alfajiri na kukimbia kando ya mto ule, wakiona foleni ya wafanyakazi kwenye madaraja, wakila katika mikahawa ya Wachicano, wakijifunza Kihispania kidogo cha sokoni. Wamekaa katikati ya mji uliozaa fasihi hii. Muda wa mbio zao umeandikwa kwa makini. Waliyoyaona hayajaandikwa vya kutosha, na wengi wao wako hapa sasa: wanalima ngano, wana maduka mjini, wanawafundisha vijana katika uwanja wa Chepkoilel. Mwanafunzi wa Kiswahili au wa fasihi mwenye simu ya kurekodia na subira ya kusikiliza anaweza kuanza na mmoja wao Jumamosi hii, kwa Kiswahili, kwa Kinandi, au kwa vyote viwili katika sentensi moja.